Kamba wamekuwa mpira, tui limekatika: nimekosea wapi kwenye malaikari?

*"Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi London mashariki. Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mama wa Kibengali, kwao Khulna, Bangladesh. Sikukuu ya Idi alituletea bakuli la kamba wakubwa kwenye mchuzi wa nazi. Wao wanauita chingri malaikari. Ulikuwa mzito, laini, una utamu wa mbali, sijawahi kuonja kitu kama kile. Nikajisemea hiki si kamba wa nazi tu, nitapika mwenyewe. Nikanunua golda, wale kamba wa mtoni, wa barafu kwenye duka la Wabengali, nikasaga vitunguu, tangawizi na thomu, nikatia kwenye sufuria na mafuta ya haradali, nyanya mbili, bizari, pilipili, kopo la tui na kamba, nikachemsha. Baada ya dakika kumi mchuzi bado unanuka vitunguu vibichi, basi nikauacha utokote nusu saa nzima, mwisho nikakamulia ndimu na kunyunyiza kotmiri. Tui likakatika, kamba wakawa mpira, na kuna uchungu fulani unabaki ulimini. Halafu chupa ya mafuta ya haradali imeandikwa ni ya kupaka tu, si ya kula! Jirani anasema ukiyapasha mpaka yatoe moshi ubaya wote unatoka. Kweli? Na mwanangu wa miaka saba aliwashwa midomo baada ya kula, nadhani ni pilipili. Nisaidie, nina wageni wiki ijayo."*

Dada yangu, wageni wasubiri kidogo. Nianze na mtoto, maana katika maswali yako yote hilo peke yake halimalizwi jikoni.

Pilipili huwasha, na mtoto wa miaka saba anaweza kulalamika midomo inamwaka bila kuwa na ugonjwa wowote. Ila pilipili humwasha kila aliyeila, na humwasha kila anapoila. Kama mwanao hula pilipili ya kiasi hicho kwenye vyakula vingine bila taabu, au kama siku ile midomo ilivimba, akatoka vipele, akakohoa, akatapika au tumbo likamsokota ndani ya saa moja au mbili, hapo usitulie na jibu la pilipili. Sufuria yako ilikuwa na vitu viwili vinavyojulikana sana kwa kuleta mzio: kamba na haradali. Vyote viwili vimo kwenye orodha ya vyakula 14 ambavyo sheria ya Uingereza inamlazimu muuza chakula avitaje kwa mteja.

Wengi hudhani kamba akiiva sawasawa mzio unakwisha. Haukwishi. Protini inayosumbua zaidi kwa kamba, inayoitwa tropomiosini, hustahimili moto, na wapo watu ambao hata mvuke wa sufuria ya kamba huwadhuru. Kwa hiyo usimpe tena kipande kidogo "tuone". Mpeleke kwa daktari wenu wa familia, mweleze alikula nini, dalili zilianza baada ya muda gani na zilidumu kiasi gani, na uulize kuhusu vipimo vya mzio. Mpaka hapo asile kamba, kaa wala kambamti, na haradali pia muweke nayo mbali. Ikitokea ulimi au koo likavimba, akapumua kwa shida au akalegea ghafla, piga 999 wakati huohuo, usingoje kuona kama itapungua.

Sasa turudi kwenye sufuria. Wewe umeona makosa matatu: harufu ya vitunguu vibichi, tui lililokatika, kamba mpira. Mimi naona kosa moja lililozaa mengine. Rojo lako la vitunguu halikukaangwa. Kwa kuwa halikukaangwa lilinuka, kwa kuwa lilinuka ukachemsha nusu saa, na hiyo nusu saa ndiyo iliyoua tui na kamba kwa pamoja.

Na kosa lenyewe linaeleweka. Umekulia Tanga, mkono wako unajua kamba wa nazi wa pwani, na kule tui ndiyo msingi: vitu vinaingia ndani ya tui na vinaivia humo. Malaikari imejengwa kinyume. Msingi wake ni rojo la vitunguu na tangawizi lililokaangwa kwenye mafuta taratibu mpaka limekauka, kazi ambayo Wabengali wanaiita koshano. Tui linakuja nyuma kabisa, wakati ladha imeshakamilika, kazi yake ni kuibeba na kuilainisha. Vitu ni karibu vilevile, nazi ileile, kamba walewale, lakini ukibadilisha mpangilio unapata chakula kingine.

Kwa nini kukaanga na siyo kuchemsha? Kitunguu kilichosagwa kwa sehemu kubwa ni maji. Maji yakiwemo, joto la rojo haliwezi kupita nyuzi 100 hata ukiwasha moto wa namna gani. Ule ukali wa kitunguu kibichi unatokana na kemikali za salfa, na zinahitaji muda juu ya moto mpaka zitoweke au zigeuke kuwa utamu. Ile ladha nene, ya rangi ya dhahabu, nayo haiji mpaka maji yaondoke na joto lipande zaidi. Ndiyo maana mpishi wa Kibengali hatazami saa, anatazama mafuta. Mwanzoni mafuta na rojo ni kitu kimoja. Baada ya dakika kumi hivi, kwa moto wa wastani kushuka, rojo linakusanyika, linaacha kurukaruka, na mafuta yanatoka pembeni yanang'aa. Harufu nayo inabadilika. Hapo ndipo koshano imekamilika. Wewe ulimimina tui na nyanya kabla, ukalizamisha rojo ndani ya maji, na toka dakika ile lilikuwa limefungiwa kwenye nyuzi 100. Ungechemsha hata saa nzima, lingepungua ukali tu, lisingefika unakotaka.

Uchungu ninauelekeza kwenye blenda. Kitunguu kibichi kikisagwa laini sana halafu kikakaa, mara nyingi hupata uchungu. Dawa inayotumika katika nyumba nyingi za Kolkata, jiji la Bengal ya magharibi nchini India, ni rahisi: kata vitunguu vipande vikubwa, vichemshe dakika tano au sita, chuja maji yamwagike, ndipo usage. Rojo linatoka jeupe na pole, na kwenye mchuzi huu unaotakiwa kubaki wa rangi ya krimu iliyokolea kidogo, hiyo ni faida mara mbili. Angalia pia bizari. Unga wowote wa viungo ukidondoka kwenye mafuta makali unaungua kwa sekunde chache, kwa hiyo uchanganye kwanza na maji vijiko viwili.

Tuje kwenye tui. Tui ni matone madogo sana ya mafuta ya nazi yaliyotapakaa ndani ya maji, na kila tone limefunikwa na utando mwembamba wa protini ya nazi unaolizuia lisiungane na jirani yake. Joto likifika nyuzi 80 hivi protini zinaanza kuganda, na ukizidi kuchemsha kwa nguvu utando unapasuka, matone yanaungana, mafuta yanapanda juu na chini unabaki na chembechembe. Asidi inaharakisha jambo hilo: nyanya zako mbili zilianza kazi mapema, na ndimu ikaimaliza. Mama zetu wanalijua hili bila kemia, ndiyo sababu ya kukorogakoroga tui bila kuacha na kutofunika sufuria. Tui la kopo mara nyingi limetiwa gundi za kulishikilia, linastahimili zaidi kuliko la kukuna kwa mbuzi, lakini nusu saa ya kutokota na asidi juu yake ni mtihani mkubwa. Soma kopo: likiwa na nazi na maji peke yake, lichukulie kama la kukuna.

Hapa nitofautishe vitu viwili, usije ukaitupa sufuria nzuri. Mafuta mepesi yanayoelea juu ya malaikari, yenye rangi ya chungwa, siyo kukatika, hayo yanatafutwa. Kukatika ni pale mchuzi wenyewe unapokuwa na chembe na maji yake yamejitenga. Hata hivyo si sumu, kinachoharibika ni sura na ulaini. Ukitaka kuokoa, toa kamba wote, epua, piga mchuzi kwa blenda pamoja na vijiko vitatu vya tui zito, na usiurudishe kwenye moto mkali.

Na kamba? Nyama ya ng'ombe ina kano ambazo moto wa muda mrefu huzilainisha, ndiyo maana ukiona ngumu unaendelea kuchemsha. Kamba hana kano za kusubiriwa. Nyama yake inaiva upesi, na ikishaiva, kila dakika ya ziada inaikamua maji. Baada ya hapo hakuna kurudi, hata akae kwenye mchuzi mpaka kesho. Golda wa kati aliyekwisha kupitishwa kwenye mafuta anataka dakika nne au tano tu za mchuzi unaotokota polepole. Mkubwa wa kujaza kiganja labda saba. Tazama nyama pale inapokutana na kichwa, sehemu nene kuliko zote: ikiwa nyeupe yote bila ung'avu wa kioo, ameiva. Kama una kipimajoto, nyuzi 70 katikati inatosha. Wekundu wa ganda usikudanganye, rangi ile hutokea mapema kabla ya nyama ya ndani kuwa tayari.

Kuhusu kununua: golda ni kamba wa mtoni mwenye mikono mirefu ya buluu, anafugwa sana huko Khulna kwa jirani yako, bagda ni yule wa maji ya chumvi mwenye milia. Wote wanafaa. Golda ana kichwa kikubwa chenye mafuta ya rangi ya chungwa, na Mbengali akiona umekitupa atakusikitikia, maana nusu ya ladha iko humo. Lakini kichwa hichohicho kina vimeng'enya vinavyolainisha nyama vibaya sana kamba akikaa bila ubaridi wa kutosha, nyama inakuwa kama uji. Wako walikuwa mpira, si uji, kwa hiyo duka halina lawama. Wayeyushe ndani ya friji usiku kucha, siyo juu ya meza, kisha uwakaushe kwa kitambaa. Kamba wa barafu huja wamejaa maji, na ukiwatia hivyo kwenye mafuta utakuwa unachemsha huku unadhani unakaanga. Ukisikia harufu ya amonia, warudishe.

Nyanya, kotmiri na ndimu ni ladha za kwetu, na mchuzi wa kamba wenye hivyo ni mtamu, sina ugomvi nao. Lakini ule uliouonja kwa jirani karibu kwa uhakika haukuwa navyo. Malaikari ya jadi ni chakula cha upole: iliki, karafuu, mdalasini, tangawizi, pilipili mbichi za kupasua, sukari kidogo, samli mwishoni. Thomu wengine hutia, wengi huacha. Ule utamu wa mbali ni sukari hiyo pamoja na nazi, na ni alama ya mkono wa Bengal ya magharibi hasa. Kolkata ubishi huu wa magharibi na mashariki umeingia hadi kwenye mpira wa miguu: wenyeji wa magharibi ni watu wa kamba na timu yao ni Mohun Bagan ya mwaka 1889, waliotoka mashariki ni watu wa samaki ilish na timu yao ni East Bengal ya 1920, na siku ya mechi mshindi husherehekea na kitoweo chake. Wafikirie Simba na Yanga wakigombania pia sufuria. Jirani yako wa Khulna anayepika malaikari nzuri namna hiyo ni mtu wa mashariki, na anaonyesha kwamba mpaka huo jikoni hauheshimiwi sana.

Sasa mafuta ya haradali, ambayo naona ndiyo yamekutia hofu zaidi. Mafuta haya ya jadi yana asidi ya eruki, aina mojawapo ya asidi za mafuta, kwa wingi, mara nyingi gramu 200 hadi zaidi ya 400 katika kila kilo. Panya wa maabara waliolishwa mafuta ya aina hii kwa wingi walirundikiwa na mafuta kwenye misuli ya moyo. Kwa binadamu madhara hayo hayajathibitishwa hivyo, na Wabengali wameyapikia vizazi na vizazi, lakini serikali zimechagua tahadhari: Umoja wa Ulaya mwaka 2019 uliweka kikomo cha gramu 50 kwa kilo kwa mafuta ya haradali yanayouzwa kama chakula, na Marekani hairuhusu yaliyokamuliwa kuingizwa kama chakula. Ndiyo asili ya maandishi kwenye chupa yako. Duka linaiuza kihalali kama mafuta ya kupaka, na kila mtu dukani anajua itaishia jikoni.

Jirani yako ana nusu ya ukweli. Kuyapasha mpaka yafifie rangi na kutoa moshi mwembamba kunaondoa ule ukali unaopanda puani, na ladha inatulia. Asidi ya eruki haiondoki kwa moshi. Kwa hiyo kupasha ni jambo la ladha, si la usalama.

Ushauri wangu? Chupa iliyoandikwa ya kupaka usipikie, na sababu kubwa kwangu siyo hata hiyo asidi. Ni kwamba mafuta yasiyouzwa kama chakula hayakukaguliwa kama chakula. Delhi mwaka 1998 mafuta ya haradali yaliyochanganywa na mafuta ya mbegu za argemone, mmea wa porini wenye sumu, yalivimbisha watu miili na zaidi ya 60 wakafa. Sisemi chupa yako iko hivyo. Nasema kikomo cha sheria na ukaguzi vina kazi yake. Tafuta chupa iliyoandikwa wazi kuwa ni ya kupikia. Zipo zilizokamuliwa kutoka haradali yenye eruki kidogo, bei yake iko juu kidogo. Na usipoipata, usihuzunike: katika malaikari haradali iko nyuma ya pazia. Nyumba nyingi hutumia mafuta ya kawaida na samli, na mchuzi hautoki na kasoro. Ingekuwa unapika ilish wa haradali ningekuambia hakuna mbadala, kule haradali ndiyo chakula chenyewe. Na kwa kuwa bado hujui kilichomsumbua mtoto, kwangu uamuzi ni mwepesi: wiki ijayo pika na alizeti na samli. Mtoto mwenyewe mpikie kuku, kwa sufuria, ubao, kisu na mwiko ambavyo havijagusa kamba, na asiwe jikoni wakati mnawakaanga.

Hivi ndivyo ningepika kwa watu wanne. Chukua golda wanane wa kati, kata miguu na sharubu, acha vichwa, toa mshipa mweusi wa mgongoni, wapake chumvi na nusu kijiko cha chai cha manjano. Pasha mafuta vijiko vinne vya chakula, wapitishe kamba sekunde 40 kila upande mpaka wabadilike rangi tu, watoe. Usiwatamani zaidi ya hapo, wataivia mbele. Mafuta yale yaliyobaki yamekwisha beba rangi na harufu ya vichwa, usiyamwage. Tia humo iliki nne, karafuu nne, kijiti cha mdalasini na majani mawili ya tejpata kutoka duka hilohilo la Wabengali; yana harufu ya mdalasini, yale ya duka kubwa la Kizungu ni mmea mwingine. Tia sukari kijiko kimoja cha chai, iache ipate rangi ya dhahabu, halafu mimina rojo la vitunguu viwili vikubwa vilivyochemshwa na kusagwa, na tangawizi kijiko cha chakula. Sasa kaa na sufuria. Punguza moto, koroga, likishika chini nyunyizia maji kijiko kimoja, endelea mpaka mafuta yatoke. Pilipili ya unga kidogo iliyokorogwa na maji iingie katikati ya kazi hiyo.

Mafuta yakishatoka, na siyo kabla, tia tui jepesi kikombe kimoja. La kopo lizimue nusu kwa maji. Likianza kutokota polepole rudisha kamba, tia pilipili mbichi tatu za kupasua na chumvi. Dakika nne, tano. Malizia na kasimile, yaani tui zito, nusu kikombe hivi, koroga, likipata moto tu epua. Kijiko cha samli juu, iliki ya unga kidogo kabisa, funika dakika tano. Wali uwe mweupe, usitie nazi. Nazi juu ya nazi itakuchosha, najua kwa mtu wa Tanga hilo ni gumu kukubali.

Kwa wageni unaweza kumaliza koshano asubuhi au hata jana yake, ukaweka rojo kwenye friji, ukabakiza tui na kamba kwa dakika kumi za mwisho wakati watu wameshakaa. Mchuzi ukibaki, uwekwe kwenye friji ndani ya saa mbili na uliwe kesho yake. Wakati wa kupasha toa kamba kwanza, chemsha mchuzi peke yake kwa moto mdogo huku unakoroga, kisha warudishe mpaka nao wapate moto hadi katikati, na usirudie kupasha mara ya pili.